Eyvindur Anaomba Kuchekwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Bondeni kwetu mcheza kwao huchekwa, na ole wake asiyechekwa. Kila mwaka, baridi inapokuwa imekomaa, tunakula ukumbini karamu ya Thorri, mwezi wa katikati ya baridi katika kalenda ya wazee: vichwa vya kondoo, papa aliyevundikwa, na pombe kali ya kumsukumia huyo papa. Tukishashiba, kamati inapanda jukwaani na michezo mifupi ya kuchekesha, yote kuhusu majirani na upuuzi walioufanya tangu karamu iliyopita. Hakuna anayeombwa ruhusa. Ukichezwa, unanuna siku mbili, kisha unaanza kujigamba. Usipochezwa, watu wanaulizana kama umehama.

Mwaka huu kamati ilituangukia mimi na Hjörtur, mchungaji wa kanisa letu. Yeye alipewa kuandika, kwa kuwa ndiyo kazi yake ya kila wiki. Mimi, Ragna, nilipewa kuchagua waigizaji kwa sababu, alisema, naweza kumwambia mtu "hapana" bila kupepesa macho. Sikubisha. Nilizaliwa hivyo.

Tukawaita watu ukumbini Jumapili mchana, baada ya ibada. Dagbjört, dereva wa basi la shule, alifika wa kwanza na kuanza kuyashughulikia maandazi. Huyo mwanamke anaweza kumwiga mtu yeyote bondeni, na mbwa wake pia. Nilikuwa nishamgawia nafasi mbili mlango ulipofunguka, akaingia Eyvindur na theluji mabegani.

Eyvindur ni mgane. Tangu Sólborg wake afariki, mwaka juzi, alikuwa mtu wa kuja kanisani, kusalimia na kuondoka. Hakumwomba mtu chochote, hata kusukumiwa gari.

"Nasikia mnachagua watu," alisema.

"Ndiyo, Eyvindur. Karibu kahawa."

"Sikufuata kahawa. Nani ananicheza mimi?"

Nilimtazama Hjörtur. Hjörtur alitazama viatu vyake.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna! Dume la kondoo la mchungaji limelala kwangu tangu vuli mpaka theluji ya kwanza, linakula majani yangu, na mimi nazunguka bonde zima nikisema mchungaji ni mwizi wa kondoo. Halafu hamnichezi? Mnamcheza nani, basi?"

"Paka wa Dagbjört," Hjörtur alijibu kwa sauti ndogo. "Alikwama kwenye bomba."

"Paka!"

Kisa kilikuwa hivi. Wakati wa vuli kondoo wakishushwa kutoka mlimani, wote huchanganywa zizini, na kila mtu huwatambua wake kwa alama zilizokatwa masikioni. Miaka yote Sólborg ndiye aliyepapasa masikio, Eyvindur akavuta pembe. Vuli hii alikwenda peke yake, akaamini macho yake, akaondoka na dume la Hjörtur akidhani ni lake; Hjörtur alipolidai, akamwita mwizi. Bonde zima lilicheka, lakini kila mtu alichekea jikoni kwake. Tulimhurumia, huo ndio ukweli. Sasa nilikuwa naiona ile huruma yetu usoni mwake, na ilifanana sana na kofi.

"Mwaka jana mlinipita," alisema. "Nikasema sawa, kaburi bado bichi. Mwaka huu tena? Ragna wa Ketill, niambie mbele ya watu: mimi nimekufa?"

"Hujafa."

"Basi nichekeni!"

Dagbjört alisema paka wake atatusamehe. Hjörtur akachukua kalamu, akaketi kwenye kiti cha piano na kuandika haraka kuliko anavyoandika mahubiri. Eyvindur alitangaza kwamba atajicheza mwenyewe, maana nani anamjua Eyvindur kumshinda yeye? Nikampandisha jukwaani.

Mungu wangu. Alisimama wima, mikono imening'inia, akasoma kama mtu aliyeitwa mahakamani kujibu shtaka.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Hufanani."

"Sifanani na mimi?"

"Hata kidogo. Dagbjört, panda."

Dagbjört alifuta makombo ya andazi. Akapandisha suruali kwa viwiko, akamwaga ugoro usioonekana mgongoni mwa mkono, akavuta, akatazama juu na kuitikisia kichwa hali ya hewa, ilhali juu yake kulikuwa na dari tu. Ukumbi ulilipuka. Eyvindur alicheka kuliko wote.

"Lione jinga lile!" alisema, akijifuta macho. "Mpe, Ragna. Mpe nafasi."

Nikampa. Kicheko kilipopoa, nikamwona Eyvindur amekaa na kofia magotini, hana nafasi tena. Ameomba kuchekwa, amechekwa, na sasa kilichobaki ni kurudi kwenye nyumba ile ile. Alikuwa ameanza kufunga vifungo vya koti.

Hjörtur alikuwa anasoma mwisho wa mchezo: Eyvindur anafika nyumbani na dume, anaketi zizini, anajisifu mbele ya mnyama.

"Ngoja hapo," Eyvindur akamkatiza. "Mimi siongei na kondoo. Namwonyesha Sólborg."

"Hata sasa?" aliuliza Dagbjört.

"Hata sasa. Nikileta kitu nyumbani, nasimama mlangoni namwonyesha."

Mimi nisiyepepesa macho nilipepesa.

"Hatuna wa kumcheza Sólborg," nikasema. "Nani atathubutu?"

Eyvindur alivua koti, akaenda kwenye misumari ya mlango wa jikoni zinakotundikwa aproni za ukumbi, akachukua moja yenye maua, akajifunga. Akapanda jukwaani. Akaweka mkono kiunoni na kuinua kidevu.

"Eyvindur! Ni nani huyo unayemburuta?"

Alikuwa Sólborg mwenyewe. Sauti ilikuwa bado ya mzee wa ugoro, lakini kile kidevu kilikuwa chake kabisa, mwanamke aliyewahi kunifukuza jikoni humu humu kwa kukata mkate vibaya.

Dagbjört alidaka papo hapo. "Dume letu, mke wangu. Ona lilivyonona!"

"Letu? Umeshika sikio?"

"Nimeliona kwa macho."

"Kwa macho! Macho yale yale yaliyokupeleka kanisani na soksi mbili za rangi tofauti? Shika sikio. Haya, umepata nini?"

"Sikio."

Hjörtur aliangukia piano, ikalia.

"Hiyo ni alama ya mchungaji, we mpumbavu! Umemwibia mtumishi wa Mungu!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Karatasi ya Hjörtur ilikuwa imeachwa mbali nyuma. Dagbjört alikuna kisogo vile vile anavyokuna Eyvindur, akasema lililomjia mdomoni:

"Sasa nitamjuaje wangu, na wewe haupo?"

Nikaona alivyojuta, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kicheko kikakatika. Eyvindur alibaki na mkono kiunoni, akimtazama Dagbjört, yaani akijitazama mwenyewe.

"Si uulize," Sólborg akasema. "Mdomo unao. Majirani unao. Uliza."

Nililia, wala sioni haya kusema. Hjörtur alipenga kamasi kwa kelele.

"Nafasi ni yako," nilimwambia Eyvindur alipoteremka.

"Ya mke wangu?"

"Ya mke wako. Wengine wote hapana."

Aliitundika aproni msumarini, akabadili mawazo, akaikunja na kuitia mfukoni. Alisema atafanya mazoezi nayo nyumbani. Halafu akasimama mlangoni akitazama nje, gari lake lilikokuwa limezama kwenye theluji mpaka milangoni. Koleo lilikuwa limeegemea ukuta, na tulijua atalichukua, maana ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote. Alikuna kisogo. Alikohoa.

"Hjörtur," akasema, "utanisukuma?"

Tulitoka wote, hata Dagbjört na andazi lake. Mchungaji alikunja mikono ya koti, akaweka mabega tayari, kisha akasita.

"Kwanza nifungulie huko nyuma," alisema. "Nihakikishe hamna kondoo wangu."