Barua za Haraka Marufuku

Fundi viatu alikuwa mtu wa kujibu. Ukimsalimu barabarani atasimama, ataweka chini mzigo wake wa ngozi, atakuulizia watoto, atakuulizia mgongo wa mama yako, na akishakuaga atageuka akuage tena. Kwa hiyo alipofunguliwa anwani ya barua pepe ili wateja wampate, alihamia huko na adabu zake zote. Mtu alimwandikia kwamba ameshinda bahati nasibu. Akamjibu: "Asante ndugu yangu, lakini sikucheza. Mtafute mwenyewe asije akakosa." Mwingine alimuuzia dawa ya kuotesha nywele. Akamjibu kwamba mume wake ana kipara tangu ujana, na anampenda hivyo hivyo. Mtoto wa mfalme asiyejulikana wa wapi aliomba amhifadhie dhahabu. Fundi akampa pole ya kufiwa na baba, akamshauri aende benki.

Kadiri alivyojibu ndivyo walivyoongezeka. Kila asubuhi kikasha chake cha barua kilifurika kama ndoo iliyosahauliwa chini ya bomba. Na safari hii hakuwa na subira, kwa sababu ndani ya gharika hiyo alikuwa akingoja ujumbe mmoja tu. Maisha yake yote alikuwa ameshona buti: za wajenzi, za wachimba mitaro, za walinzi. Viatu vizito, vya heshima, vya kukanyaga matope. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye viatu vya kucheza. Sasa kundi la dansi la ukumbi wa mjini lilikuwa likitafuta fundi wake lenyewe. Lilimtumia vipimo vya mchezaji mmoja, naye akashona jozi ya mfano, laini kama sikio la paka. Akawaandikia kuwa iko tayari. Wakamjibu: subiri, tutakwambia siku ya kuileta. Jozi ikakaa kwenye rafu chini ya kitambaa, naye akawa anaichungulia kama mtoto mchanga.

Mtoto wa kaka yake, msichana anayetengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, na ambaye mtaa mzima unamwita Waya, alikuja siku moja kubandikiwa soli. Akaiona simu ya shangazi yake ikitetemeka juu ya meza mpaka inatembea yenyewe kuelekea ukingoni.

"Shangazi, hawa wote ni nani?"

"Watu wananiandikia."

"Na wewe unawajibu?"

"Nisiwajibu, kwani nimelelewa porini?"

Waya akashika kichwa. "Shangazi yangu, hao si watu. Ni mashine zinapiga hodi kila nyumba. Ukijibu 'sihitaji', umezitangazia kwamba ndani yumo mtu, tena mwenye moyo laini. Zinaitana!"

Akavuta kigoda, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akaanza kufundisha. Hii ni orodha nyeusi: ukimweka mtu humu, aandike mpaka vidole viote sugu, hakufikii. Na hiki ni kichujio: unakipa neno, na kila ujumbe wenye neno hilo unakwenda moja kwa moja kwenye folda ya taka.

"Nikimfungia atajua?"

"Hajui."

"Hatavunjika moyo?"

"Mashine, shangazi!"

Fundi akafumba macho, akabonyeza. Mtoto wa mfalme akatoweka na dhahabu yake. Akafumbua jicho moja. Hakuna aliyelia, wala paa halikuanguka. Utamu fulani ukampanda kuanzia kidoleni mpaka begani.

"Niletee mwingine," alisema.

Hapo ndipo Waya alipokosea, maana alivaa kiatu chake akaenda zake. Nyuma yake fundi aliwaka moto. Alimfungia wa dawa za nywele, akamfungia wa bahati nasibu, akalifungia duka lililomkumbusha miavuli wakati wa jua. Mashine zilipokwisha akahamia kwa binadamu. Akamfungia shemeji yake aliyekuwa akimtumia picha ya kila sahani anayokula. Akamfungia kinyozi wa mlango wa pili, mwenye vichekesho virefu kuliko ndevu za wateja wake. Kisha akagundua jambo: waongo wote walikuwa na neno moja mdomoni. Jibu haraka! Lipia haraka! Nafasi zinaisha haraka! Neno lenyewe lilimkera tangu zamani. Katika karakana yake gundi haikimbizwi. Ukiikimbiza, dimbwi la kwanza linakuvua soli mbele za watu. Akakipa kichujio neno hilo, akapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja.

Kikawa kimya kitamu. Akashona huku anaimba. Lakini siku zilivyosonga, ule ukimya ukaanza kumkaa vibaya. Ujumbe wa kundi la dansi haukuja. Akaacha kuimba. Akaacha hata kuchungulia chini ya kitambaa.

"Wamepata mwingine," alimwambia Waya alipopita kumsalimia mchana mmoja. "Nani atampa mshona buti miguu ya wachezaji?"

Kabla Waya hajajibu, kinyozi aliingia na kitana mkononi.

"Jirani, nimekukosea nini? Nakutumia vichekesho wiki nzima, hata 'ha' moja sijaipata!"

"Nimekufungia."

"Mimi?"

"Kile cha mbuzi na daktari ulinitumia mara ngapi?"

Waya akacheka mpaka akaegemea mlango. "Hebu lete simu, nione umewafungia akina nani."

Akasoma orodha, na kila jina likapata hukumu yake.

"Shemeji?"

"Astahili."

"Ofisi ya maji?"

"Wanajua walichofanya."

"Sawa. Na hiki kichujio? Shangazi! Umezuia neno 'haraka'?"

"Ni neno la matapeli."

Waya hakucheka tena. Akafungua folda ya taka, akashuka nayo kwa kidole, akasimama. Kisha akasoma kwa sauti ujumbe wa kundi la dansi, wa asubuhi ileile: "Fundi, tafadhali lete viatu leo kabla ya saa kumi. Fanya haraka, jioni tunasafiri. Tusipoviona tutachukua vya kiwandani."

Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita tisa na nusu.

Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. Kinyozi ndiye aliyeokota akili ya kwanza. "Pikipiki yangu iko nje. Twende!"

Mteja wake alikuwa amechungulia mlangoni, shavu moja jeupe kwa povu. "Na mimi je?"

"Nusu yako imependeza, linda duka!"

Kinyozi na fundi waliondoka kwa mlio uliowatawanya kuku. Fundi amekumbatia jozi yake kifuani, gauni linapepea, anajibu kwa sauti kubwa salamu za watu aliokwisha kuwaacha kona mbili nyuma.

Nje ya ukumbi masanduku yalikuwa yakipandishwa kwenye basi. Kiongozi wa kundi, mama mrefu mwenye filimbi shingoni, alimtazama kwa mshangao.

"Tulidhani umekataa kazi."

"Sikukataa, mama. Nilikuwa nimewafungia nje pamoja na matapeli."

Mama akacheka mpaka filimbi ikaruka. Akamwita mchezaji. Msichana akaketi juu ya sanduku, akavua raba, akaingiza mguu. Msichana akasimama kwa ncha za vidole, akazunguka palepale kwenye saruji, akazunguka tena, kisha akaruka juu mpaka wapakia mizigo wakashusha walichobeba, na akatua bila kishindo.

"Hivi sivivui," alisema. "Nasafiri navyo."

Kiongozi akamgeukia fundi. "Kundi zima. Tukirudi vitakuwa tayari?"

"Vitakuwa tayari mkinipa miguu yenu sasa hivi."

Dereva akapiga honi, hakuna aliyemsikia. Wachezaji walikuwa wakivuliana soksi na kusukumana foleni, kinyozi akipasua maboksi kutengeneza karatasi za kuchorea. Na fundi amepiga magoti kwenye saruji, chaki mkononi, anazungusha mstari kwenye unyayo wa kijana mkubwa mwenye misuli ambaye, kumbe, alikuwa na mtekenyo kuliko wote, na kelele zake za kuomba aachiwe zikawafanya hata wapita njia wa upande wa pili wa barabara waanze kucheka.