Kisanduku cha Tano

Héritière aliingia saluni Jumanne asubuhi, simu mkononi, akasimama karibu na kioo bila kusalimia mtu. Baba yake alimtazama kupitia kioo kilekile.

"Wameandika nini?"

"Wameniweka kwenye orodha ya kungoja, Papa."

Gervais alizima mashine ya kunyolea. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, na ishirini na mitatu kati ya hiyo ilikuwa imeishia Johannesburg. Muda wote huo alikuwa amejifunza jambo moja kuhusu watu wa ofisini: wakitaka kumkataa maskini, humwambia angoje. Mkewe Thandeka, mtu wa nchi hii hii, mzaliwa wa Newcastle, aliambiwa angoje kwenye korido ya hospitali ya serikali. Alingoja siku mbili, siku ya tatu akatolewa amefunikwa shuka. Mwaka uleule mkubwa mmoja alikuja na msafara wa magari kukata utepe wa lango jipya la hospitali hiyo. Gervais aliliona lango lile kwenye televisheni. Kweli lilikuwa lango zuri.

"Ni hilo jina," alisema. "Nduwimana. Wakiona jina la Mrundi wanaisukuma karatasi chini ya meza. Ningekuacha na jina la mama yako."

"Usilisingizie jina, vieux, mzee wangu," alisema François, aliyekuwa chini ya shuka la kunyolea, nusu ya kichwa imekwisha na nusu bado. François alikuwa Mkongomani wa Uvira, mlinzi wa lango la chuo kikuu kilekile kilichomweka Héritière kungoja. "Mtoto ana kitambulisho cha hapa, mama yake wa hapa. Binti ya Jeannine wa kanisani kwetu alipata themanini na moja mwaka jana, akaingia udaktari kama mtu anayeingia sokoni. Huyu ana ngapi?"

"Themanini na nne."

"Basi hapo kuna jambo. Nimelinda lango lile miaka sita. Watoto weusi wanachukuliwa kwa alama ambazo watoto wa wazungu wakiwa nazo wanabaki kuchungulia tu. Ndiyo kanuni yao. Wanasema wananyoosha yaliyopindishwa zamani."

"Wewe umejua kanuni tangu lini? Kazi yako ni kuinua ile fimbo magari yapite."

"Nani anajua siri za nyumba kumshinda mlinzi? Nimalizie kichwa, nikienda hivi bosi atadhani nina uraia wa nchi mbili."

Wateja walicheka. Gervais hakucheka, lakini hasira yake pia haikuja, na hilo lilimshangaza mwenyewe. Hasira alikuwa ameizoea, aliamka nayo na kulala nayo. Safari hii kilichokuja ni swali. Themanini na moja iko ndani, themanini na nne iko nje. Kuna mkono umepita katikati. Mkono wa nani, na umepitia wapi? Alimalizia kichwa cha François polepole, akilizungusha swali lile kama mtu anayetafuta upande wa kuanzia kumenya chungwa.

"Lini mwisho?" alimuuliza binti yake.

"Mwenye malalamiko aende kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo wanafunga orodha."

Héritière alisema hivyo huku akiangalia nywele zilizotapakaa sakafuni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, na tangu ana miaka kumi hakuwahi kutamani kazi nyingine ila udaktari. Siku mama yake alipokuwa akichinja kuku wa Krismasi, mtoto aliuomba moyo wa yule kuku, akaupasua juu ya sinki kwa wembe wa baba yake, akashinda mchana kutwa akiuliza damu inaingilia wapi na inatokea wapi.

*

Jumatano walipanda teksi hadi chuoni. François aliwapitisha langoni kwa saluti ya mzaha. Foleni ya ofisi ya udahili ilikuwa imejipinda hadi uani, na mbele yao kidogo Gervais aliona kisogo anachokijua, maana ni yeye aliyekinyoa.

"Gervásio," alisema mwenye kisogo akigeuka, akiliita jina lake kwa Kireno. "Hata wewe?"

Alikuwa mzee Abílio, Mreno wa Rosettenville, mteja wake wa miaka kumi na miwili. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mjukuu wake Beatriz, aliyekuwa kazini siku hiyo na aliyempa barua ya idhini.

"Nilidhani ninyi siku hizi mnapita mlango wa mbele," alisema Abílio.

"Na mimi nilidhani mlango wenyewe mliujenga ninyi."

Watu wawili waligeuka kuwatazama. Abílio alitoa kicheko cha puani.

"Beatriz ana tisini na moja. Wamemwambia angoje. Mimi ni mzee, wakiniambia nilikula nilipokuwa kijana wakati wengine wana njaa, sawa, nilikula, tumbo langu likajaa. Lakini yule amezaliwa juzi, Gervásio. Hajamnyima mtu kitu."

Gervais kwa kawaida hakukosa jibu kwa mzungu. Safari hii alimtazama kwanza binti yake.

"Wa kwangu naye hajamnyima mtu," alisema, "na yuko nje vilevile."

Wakalitazama dirisha la mbele wote wawili, kana kwamba waliomo ndani ndio waliowakosea pamoja. Abílio aliitwa mapema, akazungumza dakika tano, akatoka akitikisa kichwa. "Wanangoja wengine wakatae nafasi zao," alisema akipita. "Ndiyo dawa waliyonipa."

Kwenye dirisha alikaa mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani, kibao mbele yake kimeandikwa Dineo.

"Ninazungumza na mwombaji, baba, si na mzazi."

"Zungumza naye, mama. Mimi nitasikiliza kwa ajili ya elimu yangu."

Dineo alimtazama, akatabasamu kidogo, akabofya. Kisha akageuza kompyuta ili wote waone. Kulikuwa na visanduku vitano. Mweusi, Kaladi wa damu mchanganyiko, Mhindi, Mzungu. Alama ya vyema ilikuwa kwenye cha tano: Sipendi kusema.

"Hapa ndipo ulipojikwaa, dada," Dineo alimwambia Héritière. "Nafasi za udaktari tunazigawa kwa mafungu. Fungu la weusi mwaka huu limeishia alama themanini na mbili. Asiyesema yeye ni nani tunamweka kwenye fungu la wote, na huko wamejaa hadi tisini na mbili. Ungesema, ungekuwa umeingia tangu wiki iliyopita. Mbona hukusema?"

Héritière aligeuza macho taratibu. Akamtazama baba yake.

Hapo Gervais aliuona mkono aliokuwa akiutafuta tangu jana, na ulikuwa wake mwenyewe.

Maana kanuni ile ilikuwa yake. Tangu binti yake alipoanza kushika kalamu alimwambia: jina lako andika, siku ya kuzaliwa andika, lakini karatasi ikikuuliza wewe ni mtu wa aina gani, ruka. Fomu za shule ya msingi aliziruka hivyo, walimu wakajaza wenyewe. Fomu ya chuo ilikataa kurukwa, ndipo msichana akachagua kisanduku kilichokuwa jirani kabisa na agizo la baba.

"Anaweza kurekebisha?" Gervais aliuliza.

"Anaweza. Anaandika tamko kwa mkono wake, anatia sahihi, analeta hapa kabla ya Ijumaa saa sita. Basi."

Mtu mwingine angeshukuru akaondoka. Gervais aliegemeza viwiko dirishani.

"Mama, nina maswali. Mkishajua, orodha hiyo inakwenda wapi?"

"Inabaki hapa. Hesabu zake zinakwenda wizarani."

"Nani anaitunza?"

"Sisi."

"Na mkiondoka ninyi wakaja wengine?"

Dineo alivua miwani shingoni, akaiweka mezani. Nyuma yao foleni ilianza kuguna.

"Wataikuta," alisema.

"Basi kesho mwingine anaweza kuisoma kinyume. Leo inafungua, kesho inafunga."

"Baba, mama yangu alifaulu mwaka wa sabini na tatu. Akaambiwa udaktari si wa rangi yake, akafua nguo za daktari miaka thelathini. Waliomkataa hawakuhitaji aseme yeye ni nani, walimwambia wenyewe. Sasa mimi nikiacha kuuliza, wale waliotangulia watazidi kutangulia, na kompyuta itasema ni haki kwa sababu haikuona rangi." Aliichukua tena miwani. "Lakini swali lako silidharau. Hata mwanangu ananiuliza mwisho wake lini. Sina tarehe ya kumpa."

Gervais alikuwa amezoea wakubwa wenye majibu kama risasi. Mtu wa dirishani aliyekiri kwamba hajui alikuwa hajamwona bado.

*

Walikaa kwenye ukingo wa ua nje ya lango, wakanunua magwinya mawili ya moto, maandazi ya hapa, kwa mama aliyeyakaanga hapo. Mawingu ya mchana yalikuwa yanajikusanya upande wa kusini.

"Ulijua kwamba kisanduku hicho kitakugharimu?" Gervais aliuliza.

"Nilijua kidogo. Wenzangu wote waliweka Mweusi." Héritière alimjibu kwa Kiingereza chake, kama kawaida, Kiswahili alikisikia chote lakini kilimgomea mdomoni. "Ulisema niruke. Halafu, Papa, na mimi nilitaka kuona. Nilitaka kuona alama zangu peke yake zinanifikisha wapi."

"Zimekufikisha kwenye korido."

"Ndiyo. Sasa najua." Aliuma andazi, akatafuna. "Shuleni waliniita mgeni, kwerekwere. Leo fomu inasema mimi ni wa hapa, tena wa hapa kabisa. Najiuliza kama wa shuleni na wa fomu waliwahi kukaa wakapatana. Lakini wewe hujawahi kuniambia kwa nini tunaruka."

Miaka kumi na minane alikuwa hajamwambia. Gervais hakumwambia hata Thandeka.

"Nilikuwa darasa la sita, huko kwetu, karibu na Gitega," alianza. "Siku ya mtihani wa kwenda sekondari, mwalimu alipita akikusanya karatasi. Kila karatasi aliyoipokea aliichora kitu pembeni kwa penseli. Herufi moja, ndogo, kama mguu wa mende. Kuna waliochorwa hii, kuna waliochorwa ile, kila mmoja kwa kabila lake. Mimi nilikuwa wa pili darasani. Aliyekuwa wa kumi na tisa akaenda sekondari. Mimi nikaenda kubeba matofali."

"Ulikuwa upande gani?"

"Hilo sikwambii. Nikikwambia utaanza kuangalia pua yangu."

Héritière alicheka, kisha akaona baba yake hachezi.

"Hakuna aliyetuambia kitu, ndicho kilichoniuma. Mwalimu aliendelea kutusalimia njiani. Baba yangu alikwenda kuuliza, wakamwambia mwanao hakufaulu. Nikaishi miaka mingi nikidhani mimi ni mjinga. Ndiyo maana nikasema mwanangu hatachorwa na mtu." Alikunja karatasi ya andazi mara nne. "Kumbe nimekuchora mwenyewe."

Msichana alitazama barabarani. Magari yalisimama kwenye robot, taa za barabarani, yakaenda, mengine yakasimama.

"Tofauti ipo, lakini," alisema. "Mwalimu wako aliandika kwa siri. Hapa wamegeuza kompyuta tukaona. Na anayeandika ni mimi."

"Na wakija kusema umeingilia mlango wa rangi?"

"Watasema. Nitakuwa ndani wakisema." Alijipangusa mafuta vidoleni. "Lakini sitaandika ukinikataza, Papa. Nikuambie kweli, nitakununia mpaka uzeeke, lakini sitaandika."

Alikuwa amemrudishia mzigo. Gervais aliwafikiria wakubwa wote aliowalaani maisha yake yote, waliokuwa na neno moja la kumfungulia mtu au kumfungia. Siku hiyo neno lilikuwa kinywani mwake, na hakulipenda ladha yake.

"Andika," alisema.

Aliandika palepale gotini, mistari mitatu, akatia sahihi. Wakarudi ndani kabla mvua haijaanguka.

*

Jibu lilikuja Jumatatu. Amepokewa. Kanisa lao la Malvern lilipata habari kabla ya mchungaji, maana François alikuwa na simu yenye dakika nyingi.

Jumanne Abílio alikuja kunyolewa. Alikaa kitini, akaachia shingo ifungwe shuka.

"Beatriz amekosa," alisema. "Atasoma biolojia, ajaribu tena mwakani. Na wa kwako?"

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Angesema bado tunangoja, au angesema Mungu amesaidia, neno linalofunika kila shimo. Gervais alizungusha kiti hadi wakaonana uso kwa uso, bila kioo.

"Ameingia."

"Hongera. Kwa alama ngapi?"

"Themanini na nne."

Abílio alifumba macho, akafumbua. Gervais hakumsubiri aulize. Alimweleza yote kama Dineo alivyomweleza yeye: visanduku, mafungu, themanini na mbili ya huku na tisini na mbili ya kule, mama wa Dineo na nguo alizofua, na swali la mwisho wake lini, ambalo hata Dineo hakuwa na tarehe ya kulijibu. Alieleza kwa utaratibu, bila kuomba radhi na bila kujigamba, kwa sababu aliona kwamba mtu aliyefungiwa mlango anastahili angalau kuambiwa nani amefunga na kwa hesabu gani.

Mzee wa Kireno aliangalia mikono yake juu ya shuka.

"Ni haki hiyo, Gervásio?"

"Nimeizungusha wiki nzima. Kwa mama yake Dineo, naona ni haki. Kwa Beatriz, sioni. Na mtoto ni mmoja tu anayekaa kwenye kiti."

"Wale wa juu wangeongeza viti."

"Wangeongeza. Lakini wao wanaongeza malango."

Abílio alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Gervais alisubiri, mashine mkononi haijawashwa, hajui kama mteja wake wa miaka kumi na miwili atasimama na kutoka na shuka shingoni.

"Yule binti wako," alisema Abílio, "vitabu vya mwaka wa kwanza, akimaliza navyo, asiviuze. Beatriz atavihitaji."

"Nitamwambia."

"Basi geuza kiti. Na pembeni usikate sana, safari iliyopita ulinitoa kama askari."