Kobe wa Mjomba

Simu iliingia saa nne asubuhi, mpwa akiwa mezani katika kiwanda cha vitu vya kuchezea watoto, anajaribu kupitisha kichwa cha kobe wa plastiki kwenye bomba dogo la kupimia vitu vinavyoweza kumkaba mtoto. Hakikupita. Akaandika "salama", ndipo akapokea. Mjomba wake, fundi seremala, alikuwa ameanguka karakana na hakuamka tena.

Kobe yule alikuwa wa mjomba. Miaka mitatu nyuma alimchonga wa kwanza kwa mbao, akamtia mpira na kipande cha sponji: ukimgusa mgongo anaficha kichwa, ukimwacha anakichungulisha taratibu kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Wapelekee wakubwa zako, mpwa wangu," alisema. "Wakimkataa nirudishie. Nimemzoea kuliko mke wangu."

"Nimesikia," mkewe alijibu kutoka jikoni.

Kiwandani utaratibu unajulikana. Mbunifu wa nje hulipwa fungu dogo kwa kila kobe anayeuzwa. Mwajiriwa akibuni hubaki na mshahara wake na kupewa mkono wa hongera. Lakini kazi za watu wa nje hukaa kabatini mwaka mzima zikisubiri kikao, na mpwa alikuwa hajawahi kupitishiwa hata filimbi aliyoibuni. Kwenye fomu, penye jina la mbunifu, akaandika lake. Alijiambia atarekebisha baadaye. Akapewa cheti, kisha cheo.

Kila mara mjomba alipouliza, alijibiwa, "Bado wanajadili." Siku moja mzee akamwona kobe dukani. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Kuna mwenzangu aliwaza kama mimi, akaniwahi. Wanasema mwenda pole hajikwai. Hawasemi kwamba akifika hukuta wenzake wameshakula."

Mpwa akacheka naye. Kicheko hicho ndicho kilichomrudia msibani, walipomketisha karibu na mjane na kuwaambia watu kuwa marehemu alimpenda kama wa kumzaa. Hakujua uso auweke wapi.

Siku ya tatu walibaki wawili karakana. Akamwambia mjane yote, akiyatazama maranda sakafuni.

Mjane akasema, "Kwa hiyo hakuwa amechelewa."

"Hapana, mama."

"Na siku ile anacheka, wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Haya. Nenda kayaandike hayo, utie sahihi. Na mimi usiniite mama."

Aliandika kurasa mbili, akampelekea meneja kabla hajabadili mawazo.

Siku hizi yuko upande wa kufungasha, anabandika karatasi za bei kwenye maboksi ya kobe. Barua yake iko kwa mwanasheria wa kiwanda, ambaye bado hajasema kama fungu la marehemu litalipwa. Mjane hufuatilia mwenyewe kila mwezi. Huingia kwa mlango wa mbele, huuliza, huondoka.