Chafya ya Kimugung

Kanisani na kwenye kituo cha kuuzia majani chai mimi ni Gibson. Kwa nyanya yangu Chepngetich nilikuwa Kimugung, jina la mumewe, na kwa ajili ya jina hilo alinitania maisha yangu yote. Nikichelewa kupasua kuni, ananiita mume mvivu. Nilipooa, alimwambia mke wangu Chelangat mbele ya wageni kwamba amekuja kumnyang'anya bwana. Wazee wetu hupenda utani wa namna hiyo, nami niliuzoea, ingawa siku nyingine ulinichosha.

Jina hilo sikulipata kwa maji ya mchungaji. Kwetu Kipsigis, mtoto akizaliwa, akina mama wazee hukaa naye wakaita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, huku mmoja wao ameshika ugoro kidogo karibu na pua ya mtoto. Jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, basi mfu huyo amekubali kurudi, na mtoto ndiye yeye. Jina la mtu aliye hai halitajwi pale kamwe. Kulitaja ni kumchimbia kaburi angali anatembea, kwa maana jina moja halikai kwa watu wawili. Lazima mmoja ampishe mwenzake. Wachungaji wameikemea desturi hiyo tangu zamani. Jumapili sisi huitikia amina, na Jumatatu ugoro hutafutwa.

Babu yangu Kimugung alichukuliwa na serikali ya Mzungu mwaka wa hamsini na saba. Alimpiga chifu rungu kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, chifu akapoteza jicho, na babu akapelekwa jela kwenye ngome ya mawe katika kisiwa cha Nyamgere, huko ziwani. Habari zake zikakatika. Miaka mitano baadaye nikazaliwa mimi, na nikakataa majina yote. Akina mama waliita ukoo mzima mpaka wakaishiwa. Ndipo mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama wajaribu la Kimugung, na wanasema nilipiga chafya kabla hajalimaliza.

Basi ikajulikana kwamba babu amekufa. Watu walinyoa nywele, nyanya akawa mjane, na mdogo wa babu, Kipkirui, akamchukua kama desturi inavyotaka. Nyanya akamzaa shangazi yangu Rodah, ambaye namzidi miezi michache tu, na Rodah akahesabiwa mtoto wa marehemu. Hakuna aliyefunga safari kwenda kuuliza kisiwani. Asiyekuwapo na lake halipo.

Mwaka wa tisini na sita redio ikatangaza kwamba ngome ya Nyamgere imekarabatiwa na kufunguliwa kwa wageni. Nyanya alikuwa anapepeta mahindi. Aliuweka ungo chini na kuniambia nimpeleke. Nilimweleza kwamba ni mbali, kwamba magoti yake hayawezi, kwamba ni wiki ya kuchuma na majani hayangoji mtu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza tutaondoka lini.

Kwa bahati mwaka huo njia ya Chepilat, mpakani penye mapigano ya makabila, ilikuwa imetulia, tukapita bila kusimamishwa na mtu. Nyanya alikuwa amefunga kibuyu cha mursik ndani ya shuka, yale maziwa yetu ya kugandisha kwa mkaa, na hakukubali nimbebee. Tulipofika gatini na kuliona ziwa, alisimama akiitafuta ng'ambo ya pili. Alikuwa amezoea maji yanayopita kati ya kingo mbili, mtu wa huku na mtu wa kule wakisalimiana.

Feri ilikuwa chuma kikuukuu kilichonuka dizeli. Ilipakia kreti za soda, magodoro, fahali mmoja aliyefungwa miguu, na sisi. Nyanya alikaa ameligeuzia ziwa mgongo. Katikati ya safari akaniambia kwa Kikipsigis, bila kunitazama, kwamba anataka kujua jambo moja tu kabla hajafa.

"Siku ulipopiga chafya," akasema, "alikuwa amekwisha kufa?"

Nilicheka kidogo. Nilimwambia, "Kogo," ndivyo tumwitavyo nyanya, "si chafya ndiyo iliyosema?" Yeye hakucheka. Aliuhamisha mkono wake kutoka kwenye kibuyu akauficha kwapani, kama mtu mwenye baridi.

Ngome ilikuwa juu ya mwamba, kuta zake nene, nusu zimepakwa chokaa mpya. Kijana mwenye tai alitutembeza pamoja na wageni wengine. Alituonyesha vyumba vya maofisa, dirisha lililotazama machweo, na mahali walipochezea tenisi. Wakubwa wote wa jela aliwajua kwa majina, na mbwa wao pia. Nilipomwuliza juu ya wafungwa, alisema walikuwa wengi, kisha akatuelekeza kwenye mzinga mmoja wenye kutu tuupige picha. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, lakini kumgombeza mtoto aliyefundishwa hivyo ni kupoteza mate.

Nyanya alikuwa ametuacha. Nilimkuta ndani ya chumba kimoja chenye mlango mfupi na pete ya chuma ukutani, mnanuka popo. Alikuwa ameinyoosha mikono yake yote miwili, na ncha za vidole zikigusa kuta za pande zote.

"Alikuwa mrefu," akasema. "Humu alilala amejikunja."

Yule kijana, aliponiona nimekasirika, alituambia tumwone Mama Phelix, anayeuza chai na omena, dagaa wa ziwani, kando ya lango, maana babake alikuwa askari wa jela na amekulia pale. Tukatoka. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso mwema, amefunga kitambaa cha bluu, na mbuzi wake walizurura kati ya benchi za wateja. Alipomwona nyanya, na ndewe zake ndefu zilizotobolewa zamani, aliangusha mwiko. Alikuja akifuta mikono kwenye leso, akainama mbele yake.

"Takwenya," akamwambia.

Hiyo ni salamu yetu ya zamani kwa wanawake, na siku hizi hata wasichana wa kwetu Litein hawaitumii. Hapo ilitoka kinywani mwa mama wa ziwani asiyejua neno jingine la kwetu. Nyanya aliitikia, "Igo," na machozi yakamtoka papo hapo. Akanishika mkono niulize, kwa kuwa yeye hakujua Kiswahili, na Mama Phelix hakujua Kikipsigis. Mimi ndiye niliyekuwa katikati yao.

"Huyo mzee ndiye alinifunza," Mama Phelix akasema. "Aliniambia siku moja nikiona mama mzee wa masikio kama hayo anashuka feri, nimsalimie hivyo. Mimi nilikuwa mtoto nikazoea kukimbia gatini kila feri ikikuja."

Nilimwuliza ni mzee gani.

"Si ni Kimugung! Alichunga mbuzi zetu. Uhuru ilipokuja jela ikafungwa, wafungwa wote wakarudi kwao, yeye akabaki. Mimi nimezaliwa nikamkuta hapa. Alikufa nikiwa standadi six."

Nilikaa kwenye benchi. Nilimwuliza kwa nini hakurudi.

Alisema palikuwa na askari mmoja wa huko kwetu, aliyetoka livu akamletea babu habari kwamba nyumbani mtoto amepiga chafya kwa jina lake. "Mzee akasema basi, imekwisha. Ati akirudi, huyo mtoto atakufa, hiyo jina haiwezi kuwa ya watu wawili. Babangu alimwambia hiyo ni upuzi, panda feri uende. Akakataa kabisa. Lakini kila mtu akitoka pande za majani chai, alikuwa anamuuliza kama watoto wa huko ni wazima. Huyo mtoto alikuwa anamfikiria sana."

Hakujua kwamba mtoto mwenyewe ndiye amekalia benchi lake. Sikumwambia.

"Anasema nini?" nyanya akauliza.

Sikuwa nimepanga kudanganya. Lakini nilimtazama pale, mdogo, shuka limempwaya, macho yake yameshikilia midomo yangu, nikaona kwamba ukweli ungemwangusha. Tena nitasema wazi: niliogopa kwa ajili yangu pia. Ni vigumu kumtafsiria mtu kwamba mume wake alijifunga kisiwani zaidi ya miaka kumi na mitano ili wewe upumue.

"Anasema alikufa kwa homa," nikamjibu. "Mwaka uleule waliomleta."

"Kabla ya chafya?"

"Kabla, Kogo. Zamani kabisa."

"Na salamu?"

"Alifundishwa na babake, askari. Yeye aliisikia kwa babu."

Alitikisa kichwa polepole. Mama Phelix akatupeleka nyuma ya ngome, kwenye kaburi lake, lundo la mawe chini ya ukuta. Nyanya alipiga magoti, akafungua kibuyu na kumimina mursik juu ya mawe mpaka tone la mwisho. Alisema maneno ambayo sikuyasikia. Mbuzi walikuja wakaanza kulamba, nikataka kuwafukuza, naye akanizuia kwa mkono. Tuliwaacha wakilamba.

Feri ya alasiri ilikuwa karibu tupu. Safari hii nyanya alikaa akikitazama kisiwa mpaka ngome ikawa ndogo.

"Yule mama ana miaka mingapi?"

Nilisema sijui, labda thelathini.

"Hana mvi hata moja," akasema. "Na askari wa jela angejifunza kusalimu wanawake ili amsalimu nani?"

Aligeuka akanitazama usoni, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, "Sasa niambie. Usipunguze."

Nikamwambia. Uhuru, mbuzi, askari aliyetoka livu, mtoto ambaye kila mtu aliulizwa habari zake. Nilimwambia pia kuhusu msichana aliyekimbia gatini kila feri ikija. Alisikiliza bila kufumba macho. Nilipomaliza, aliutoa ule mkono wake wa kulia ndani ya shuka akauweka juu ya goti, akauangalia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Ugoro niliushika mimi," akasema. "Rodah alikuwa tayari tumboni."

Injini ilinguruma. Fahali hakuwepo safari hii, ila kinyesi chake kilikuwa bado sakafuni.

"Hukukataa majina," akaendelea. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeufumba mkono, ugoro usikufikie. Lilipotajwa lake, nikaufumbua. Mume akiwa hai, mimba ya Kipkirui ni aibu ya kufukuzwa. Akiwa amekufa, ni desturi, na watu wanakunywa pombe. Nilidhani kweli amekufa. Nani huishi jela ya Mzungu miaka mitano? Nimekuja huku nikimwomba Mungu nikute kwamba sikusema uwongo."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nilitaka kumwambia kwamba watoto wote hupiga chafya, kwamba ule mkono ulikuwa na sababu, kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Yote hayo ni maneno ya matanga. Nilimsogelea nikamfunika shuka vizuri, na tukafika bara hivyo.

Nyumbani hakumwambia mtu, wala mimi sikusema. Rodah alituuliza kama tuliliona kaburi la babake, tukamwambia tumeliona. Utani ukakoma. Kuni zikichelewa, nyanya alizipasua mwenyewe.

Mvua ndefu za mwaka uliofuata Chelangat akajifungua mtoto wa kiume. Akina mama wakakusanyika, Rodah akiwa mmoja wao, na wakamwita nyanya ashike ugoro kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Alisema mkono wake unatetemeka, akampa mwingine. Nilikuwa nimemwomba Rodah kando, kwa aibu, kwamba waliite jina la Kimugung. Nilijua sasa kwamba amekufa kweli, kwamba analala nyuma ya ule ukuta, na kwamba tangu afe hakuna aliyemwita arudi nyumbani. Nilitaka apewe mlango.

Rodah alicheka mpaka akajishika kiuno. "Gibson, wewe umechanganyikiwa? Kimugung alisharudi. Si huyo nimesimama naye?"

Hakuwa na kosa. Desturi ndiyo iyo hiyo. Jina lake ninalo mimi, na mpaka nife, haliwezi kuitwa kwa mtoto mwingine. Alinipisha akiwa hai, na sasa kwa kuwa amekufa hana pa kuingilia. Mimi nami nimeishi miaka yote hii nikiitwa mtu aliyerudi, na hakuna aliyerudi.

Nilitoka nikakaa kwenye kigogo nje ya jiko, manyunyu yakianza. Niliwasikia wakiita majina ndani, moja baada ya jingine, ukoo wote, wakiruka lake. Mtoto alipiga chafya kwa jina la baba mdogo wa Kipkirui, na wakashangilia.

Nyanya alitoka akakaa kando yangu. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya shuka. Tulikaa hivyo, tukiyatazama majani chai yanavyolowa, mpaka mvua ikaanza kushika.

"Gibson," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "ingia ndani. Utapata homa."