Vidole Vinne Chini ya Alama

Waliokuwepo sebuleni kwa Mama, Kedowa, Jumamosi saa nane mchana: Mama mwenyewe, Bilhah, umri miaka sitini na tisa, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya plasta, Kipkurui, mwanawe wa kwanza, aliyeitisha kikao, mimi, Priscah, mwalimu, ninayemfuata Kipkurui kwa kuzaliwa, Joan, mke wa ndugu yetu mdogo, na Bwana Ndung'u, mwuza mbao wa Chepseon na mzee wa kanisa letu, aliyeitwa awe shahidi. Hakuwapo Kipngeno, mume wa Joan. Alikuwa zamu katika kiwanda cha chai, na Kipkurui aliijua zamu hiyo alipochagua saa.

Kipkurui alisimama ingawa viti vilikuwepo.

"Mwaka juzi, mbavu. Mwaka huu, mkono. Mara zote mbili Mama alikuwa nyumbani na mtu mmoja tu." Alimwelekezea Joan kidevu. "Mama, sema mbele ya mzee wa kanisa. Nani alikusukuma?"

"Nimekwambia mara tatu," Mama akasema. "Niliteleza kwenye nyasi hapo mlangoni nikakaa chini. Hata kikombe nilichoshika hakikuvunjika."

"Umesikia, Bwana Ndung'u? Kikombe cha udongo kizima, mkono wa mtu umevunjika! Hiyo inaingia akilini? Mama anamfichia huyu. Andika kwamba Joan anarudi kwao Sotik leo, mpaka wazee wakae."

Joan alikuwa ameshika chupa ya chai kwa mikono miwili. Kwa miaka kumi na mitano amemwogesha Mama kila anapougua, na sasa alikuwa akifukuzwa kwa sababu ya kikombe kizima. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Hata hivyo nilingoja hadi Kipkurui akae, kwa kuwa neno linalosemwa huku mtu mwingine anapiga kelele hupotea.

"Bwana Ndung'u, tafadhali usiandike bado," nikasema. "Mama, twende mlango wa jikoni."

"Priscah, hapa si darasani," Kipkurui akacheka.

"Ingekuwa darasani, ungekuwa umesimamishwa nje."

Nguzo ya mlango wa jikoni ina alama za panga. Kila Desemba shule zilipofungwa, marehemu Baba alitusimamisha hapo mmoja mmoja na kukata alama juu ya kichwa. Mwaka ambao Kipkurui alijisifu kwamba amempita Mama, Baba aliwasimamisha wote wawili. Alama ya Kipkurui ilipita ya Mama kwa unene wa kidole. Alitamba nayo hadi Krismasi, kwa hiyo hakuweza kusema haijui.

Mama alivua kilemba, akaegemeza visigino kwenye nguzo. Nikaweka kitabu cha nyimbo juu ya kichwa chake, kikiwa kimelala sawasawa. Kati ya kitabu na alama yake niliingiza vidole vinne, vyote, bila kubana.

"Nyumba imezama upande huu," Kipkurui akasema.

Bwana Ndung'u aliinama akaikagua nguzo kama anayetaka kuinunua. "Ingezama, alama nayo ingeshuka, na mama angeonekana mrefu zaidi. Mimi ni mtu wa mbao, Kipkurui. Nguzo huoza, hupasuka. Haipandi."

"Daktari aliyemfunga plasta aliuliza kama Mama amepungua kimo," nikaeleza. "Nikashindwa kumjibu. Mimi, mtoto wake! Pingili za mgongo zimekuwa zikibonyea moja baada ya nyingine, na sisi tukisema ni mgongo wa kubeba kikapu cha majani chai. Mifupa yake imekonda kwa ndani; daktari amenipa karatasi inayosema hivyo. Mtu wa namna hiyo huvunjika mkono kwa kukaa tu vibaya, kikombe kikabaki kizima. Kikombe unachokitumia kumshtaki Joan ndicho kinachomtetea."

"Wazee wangapi huanguka na hawavunjiki?"

"Wangapi wamemeza hivi?"

Nilitoa mfukoni pakiti ya vidonge vyeupe. Uso wa Kipkurui ulibadilika, kwani aliitambua. Kwa miaka tisa amemletea Mama vidonge hivyo vya kifua kutoka duka la dawa kila mwezi, na kila Krismasi husimama kanisani kushukuru kwamba Mama anapumua.

"Vinamsaidia," akasema polepole.

"Vinamsaidia kupumua, na vinamla mifupa. Ni dawa ya kumezwa chini ya macho ya daktari, tena kwa siku chache. Wala haiachwi ghafla. Kufanya hivyo nako ni hatari. Lazima arudi kliniki, wampunguzie taratibu na kumtafutia dawa nyingine ya pumu."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemvunja?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo siku tatu. Ndipo Mama akamwambia Joan amimine chai, na ikatoka nyeusi, strungi tupu, kama inavyotoka katika nyumba hii tangu nilipokuwa mdogo. Maziwa ya asubuhi huenda kwa chama cha ushirika, ya jioni hotelini, na mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, hungoja wageni na wana wa kiume. Kila mwaka ninafundisha watoto wa watu kwamba mifupa hujengwa ujanani na hutunzwa hadi uzeeni. Sijawahi hata siku moja kutazama ndani ya kikombe cha mama yangu. Nikamkabidhi Kipkurui pakiti.

"Mmemaliza?" Mama akauliza. Hakuinua sauti. "Mnanijadili kama ng'ombe aliyetumbukia shimoni. Kipkurui, umeniletea dawa kwa upendo, nakubali. Lakini kumshtaki binti wa watu wakati mumewe yuko kazini, huo si upendo. Na wewe, Priscah, ulikuwa na karatasi ya daktari siku tatu. Ulingoja nini? Kikao?"

Akamgeukia mzee wa kanisa.

"Bwana Ndung'u, karatasi uliyoletewa bado ni nyeupe?"

"Nyeupe kabisa, Mama."

"Basi andika yangu. Joan haendi popote. Hapa ni kwake. Maziwa ya jioni hayatoki tena boma hili. Atakunywa Joan, nitakunywa mimi, na atakunywa Cheptoo, mjukuu wangu, kwa maana ana miaka kumi na minne na mifupa anayoijenga sasa ndiyo atakayozeeka nayo. Jumatatu Kipkurui atanipeleka kliniki na pakiti hiyo mkononi, amweleze daktari kwa mdomo wake mwenyewe. Na leo, Kipngeno akitoka zamu, atamkuta kaka yake hapa mlangoni, akimwomba Joan msamaha mbele yake. Soma nisikie umeandika."