Kuku Hakumgonga Karima

Karima alikuwa akivuka barabara kubwa ya Mangobo na beseni la mikate kichwani, ile midogo ya kukaanga inayoliwa na chai asubuhi, jeep ya Honorable Alexis, mbunge wetu, ilipomgonga. Mikate ilitawanyika. Jeep haikusimama. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti, na mwanamke anayekaanga mikate akiwa amesimama toka alfajiri hana kazi bila mguu.

Kituo cha afya hakikuwa na plasta hata ya kufunga kidole, kwa hiyo majirani walimbeba mpaka kwa Papa Mohamadi, muunga mifupa. Dawa yake inajulikana. Huvunja mguu wa kuku, huwafunga kuku na mgonjwa vipande vya mianzi, na siku kuku anapotembea, mgonjwa naye anatembea. Nicole, jirani yake Karima, alileta kuku mweupe. Papa Mohamadi alikwisha kumshika kuku paja, Karima akamzuia.

"Kuku haikunigonga, Papa. Uvunje muguu ya mwenye alinigonga."

Papa Mohamadi alisema sawa, mguu ni mguu. Akamfunga Karima mianzi, akasoma maneno yake, akaenda kuswali. Alasiri hiyo Honorable Alexis alivunjika mguu wa kulia, chini ya goti, akiwa amesimama kwenye sakafu kavu anahutubia vijana. Hakuna aliyemsukuma. Walimpeleka Kinshasa kwa ndege.

Huko walipomfunga plasta, mianzi ya Karima ilidondoka yenyewe na plasta ikamea mguuni pake, nyeupe, safi, kutoka vidoleni mpaka gotini. Papa Mohamadi aliigongagonga, akasema kazi ya Kinshasa ni nzuri. Kisha yakaanza kutokea maandishi. Wageni wa Honorable walikuwa wakimwandikia kwenye plasta yake, na kila walichoandika kilisomeka kwenye mguu wa Karima. Nicole alimsomea: Pole, Excellence. Pole sana, baba wa maskini. Upone haraka, bado tunakuhitaji.

Loo, baba wa maskini! Karima alikuwa hajapewa pole na mtu yeyote wa nyumba ya Honorable. Si dereva, si mke, si mlinzi wa getini. Pole haina bei. Hata mlevi akikukanyaga anakupa. Alitaka hiyo moja tu, na sasa alikuwa amevaa rundo zima, zote za aliyemvunja. Alizikwangua kwa kisu, kesho yake zikarudi. Basi akachukua kaa la jikoni, akaandika kwa herufi kubwa: ULINIGONGA. UNIPE POLE.

Kule Kinshasa maneno yalitokea kwenye plasta ya Honorable, wakayasoma. Tunajua waliyasoma kwa sababu kabla ya adhuhuri plasta ya Karima iliongezeka unene: daktari alikuwa amepaka tabaka jipya juu ya yale maneno. Karima akaandika tena. Wakapaka tena. Mwishowe mguu ukawa mzito kama kinu, na Nicole akamnyang'anya makaa.

Honorable alipona. Siku alipokatwa plasta, ile ya Karima ilipasuka akiwa anamenya muhogo, mguu ukatoka umenyooka kuliko wa kwanza. Chef wa quartier, mkubwa wa mtaa, akaja kumwambia aende kushukuru. Bila dawa za Honorable angetembea? Aende, tena asiende mikono mitupu. Mwenye nguvu mpishe, mama. Nyumbani hakukuwa na kitu isipokuwa yule kuku mweupe.

Honorable, aliyekwisha kurudi kutoka Kinshasa, alimpokea uani kwake, miguu juu ya kiti. Aliutazama mguu wa Karima, uso hakuutazama, akasema ni mguu mzuri. Karima alingoja. Jamani, alingoja, neno lenyewe lina silabi mbili tu. Mpishi akaja na kisu, akamchukua kuku kwa miguu yake mizima. Msaidizi wa Honorable akamnong'oneza Karima, "Mama, umupatie Honorable pole. Aliteseka sana."

"Pole," akasema Karima.

"Merci, mama," akajibu Honorable.

Karima alikuwa anamwambia kuku.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na soko jeep ileile ilimpita kwa mwendo uleule wa siku ile, akaruka mtaroni, na mguu ulimtii vizuri sana.