Machozi ya Ebo Kila Jumamosi

Kabla ukumbi wa maigizo haujafufuliwa, Jumamosi mtaani kwetu Edina, mji wa pwani, ilikuwa siku ya kufua. Wageni walishuka kwenye mabasi, wakaitazama ngome ya kale, na kabla ya jua kuzama walikuwa wamekwisha kwenda kulala Cape Coast. Kisha tajiri mmoja aliyekulia hapa akatengeneza paa la ukumbi wa zamani, akarudisha viti na mapazia, na wageni wakawa na sababu ya kulala kwetu. Nikapaka rangi vyumba vyangu viwili vya uani, nikavikodisha. Wauza dokono, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka yanayochemshwa ndani ya majani, wakawa wanabandika vyungu tangu Alhamisi.

Na kaka yangu Ebo, wakati huo bado hai, maana tumemzika mwaka jana tu, akatafutwa arudi jukwaani. Ujanani alikuwa na kundi la maigizo lililozunguka nchi nzima na magitaa, na sehemu yake ilikuwa Esi, yatima anayeteswa na mama wa kambo. Mwanamume mzima, gauni la mtoto, poda usoni. Alipoimba na kulia njaa, watazamaji waliinuka wakampelekea jukwaani sarafu, ndizi, samaki. Hakuna aliyeshangaa. Yatima ana njaa, unampa.

Siku ya ufunguzi Ebo alipolia, Mama Tekyiwa, muuza dokono wa kona yetu, alipanda na dokono moja na samaki wa kukaanga. Mlinzi hakuwa mtu wa hapa. Akamkamata mkono.

"Shuka, bibi! Unachafua sakafu!"

"Niache wewe! Mtoto analia njaa, huna masikio?"

Akaburutwa hadi nje. Dokono ikapasukia ngazini. Wageni wakacheka, wakapiga makofi, wakidhani ni mchezo. Ebo aliendelea kuimba.

Nyumbani hakugusa chakula. "Wanamvuta mama wa watu, Araba, na mimi naimba. Nilimaliza mpaka kiitikio."

Jumatatu akaja Bwana Paintsil, meneja wa ukumbi, meno yote nje. Wageni walikipenda kile kisa. Kiwe kila Jumamosi. Mama Tekyiwa angelipwa.

"Tafuta yatima mwingine," Ebo akamwambia.

Habari ikaenea mtaani, kwa kuwa picha ya Ebo ndiyo ilikuwa kwenye mabango. Jioni Mama Tekyiwa mwenyewe akaingia, hata hodi hakupiga.

"Wewe Ebo, eti umegoma kulia?"

"Mama, nilikuwa nakuja kukuomba radhi."

"Radhi nitaipika na nini?"

"Watakuburuta tena mbele za watu."

"Mlinzi ameshafundishwa. Atanishika hapa, kwenye nguo tu. Kelele nitapiga mimi. Unanijua mimi na kelele!" Akacheka peke yake. Halafu akashusha sauti. "Wageni wakitoka pale wanakuja kwangu, maana wamenijua. Miaka yote nimekaa kona ile, nani alinijua? Usinifungie mlango, mwanangu."

Ebo akaitikia kwa kichwa, macho yakiwa sakafuni.

Jumamosi nilikaa nyuma na wageni wangu, mume na mke kutoka Uholanzi. Ebo akalia. Mama Tekyiwa akapanda na dokono yake, mlinzi akamshika kama walivyopatana, naye akapiga kelele za kutosha mji mzima. Ukumbi ukaangua kicheko. Ndipo kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Hilo halikupangwa. Nywele zake zilikuwa nyeupe na chache, naye akawa anazifunika kwa mkono, kelele zimekatika.

Ebo akaacha wimbo katikati. Akashuka na kigauni chake, akaokota kitambaa, akamfunga polepole. Akamtoa mikononi mwa mlinzi.

"Twende nyumbani, Mama."

Wakatoka kwa mlango mkubwa. Wapiga gitaa hawakujua la kufanya, wakaendelea kupiga. Watu wote wakasimama kushangilia.

Niliwakuta nje, wamekaa ukingoni mwa mtaro. Poda imemchirizika Ebo usoni, lakini sasa alikuwa anamtazama mama machoni. "Tumewakomesha," alisema.

Jumatatu Bwana Paintsil alirudi, anahema. "Mzee Ebo! Ule mwisho! Kitambaa, mlango mkubwa! Viti vya Pasaka vimeisha vyote. Usibadilishe hata kidogo!"

Ebo alitazama konani. Wageni walikuwa wamepanga foleni mbele ya chungu cha Mama Tekyiwa, naye anawafundisha kufungua majani. Kaka yangu aliingia ndani, akaanza kulinyoosha gauni la Esi.

Tangu hapo kitambaa kilianguka kila Jumamosi. Mama Tekyiwa alikifunga kilegevu makusudi, na Ebo alimfunga upya macho yakiwa sakafuni.

Yule mama wa Kiholanzi alirudi Pasaka. Asubuhi, nilipokuwa nampakulia mayai, aliniuliza kama yule mzee hulia kweli au anaigiza tu.

"Analia kweli," nikamwambia.

Akafurahi sana, akaniomba nimwekee chumba mwakani. Nikamwekea.